Mutoma Nyuma ya Nyumba

28 mwezi wa nane

Leo tuliingia mu nyumba ya kupanga. Mulango ya mbele haifunge, ya nyuma haifunguke. Kama ningekuwa na nguvu ya kucheka, ningecheka.

Ile siku Jacob, commissionnaire wa kutafutia batu nyumba, alituonyesha hii ya Mususa, huku Butembo, jua ilikuwa kali na ukuta yote ilikuwa nyeupe, inanukia udongo mupya. Nilijisemea: ni nyumba ya miti na udongo, mais angalau ni safi. Leo nimejua ule usafi. Jemima, binti yangu, aliegemea ukuta ya chumba ya nyuma juu ya kuvua viatu, na kipande ya ule udongo mweupe, kubwa kama sahani, ikamuangukia ku mugongo. Chini yake kuko ufa. Ukitia jicho ndani ya ufa unaona migomba ya jirani. Balipakaa poudre juu ya kidonda, na mimi njo ile nilipenda.

Ingine nilijionea mwenyewe. Manjanja, mabati ya juu, iko na matundu, na ingine bameifunika na jiwe ili upepo isibebe. Choo haina mulango, iko na gunia. Nyuma ya nyumba balichimba kilima juu ya kupata fasi ya kujenga, donc udongo yote ya kilima inaegemea ukuta ya nyuma, na ukuta imeinama ndani sawa mutu anataka kuambia mwenzake siri. Nilimupigia Jacob. Hakuitika. Commissionnaire akishapata yake, telefone yake inapata malaria.

Koko Kahongya, mama ya marehemu bwana wangu Henri, aliikala pembeni ya kitanda na mukoba ku magoti. Alikataa tufungue mizigo. Alisema mvua ikiisha tunarudia kwetu Beni, sasa ya kufungua ni ya nini. Nilimuitikia. Mimi mwenyewe njo naambia kila mutu vile: ni mvua hii moja tu. Namuna tulitoka kule sitaiandika. Naijua, inatosha.

2 mwezi wa tisa

Muyisa alifika, ule kijana anachunga hii parcelle, nyumba na kiwanja chake. Ni soudeur, anaunganisha vyuma, atelier yake iko chini ya avenue. Mwenye nyumba ni mujomba wake, Muzee Syauswa, mukulima wa Luofu, kule kusini ya Lubero, na haonekane. Nilimutembeza Muyisa mu nyumba mwenyewe, ufa kwa ufa, tundu kwa tundu. Alitembea nyuma yangu mikono mu mifuko. Kiisha akasema:

"Mama Jemima, hii nyumba inaomba tu mukono kidogo."

Nilimuuliza mukono ya nani. Alicheka, akatosha charnière, bawaba ya mulango ya mbele, akaenda nayo ku atelier kuitengeneza. Ilikuwa asubui. Mangaribi hajarudi. Tangu leo hatuna hata mulango ya kufunga vibaya.

5 mwezi wa tisa

Mvua. Basani, sufuria, hata kopo ya Koko, vyote viko chini vinangojea maji.

6 mwezi wa tisa

Mvua tena. Mashine yangu ya kushona nimeivalisha imperméable ya Jemima. Jemima alienda masomo amelowa, mashine ilibakia kavu. Mashine njo inatulisha, yeye mwenyewe alisema vile.

9 mwezi wa tisa

Charnière imerudi. Muyisa aliitengeneza vizuri, siwezi kusema uongo. Mulango ya mbele sasa inafunga na sauti ya mulango ya banki. Ya nyuma alisema ni miti ndani yake ilivimba, tungojee jua. Nilimuambia mu Butembo jua ya mwezi wa tisa ni mugeni, inapita kusalimia tu.

14 mwezi wa tisa

Nilishona uniforme kutwa nzima, mvua inapiga manjanja, na roho yangu ilienda kwetu bila kuniuliza.

Ile nyumba Henri aliijenga na matofali ya kuchoma, aliichoma mwenyewe, na wakati moto ya tanuru ilikuwa inawaka tulikuwa tunachoma viazi pembeni yake. Nilikuwa naweka mashine ku barza. Mbele yangu kakao inakauka juu ya bâche, na ile harufu yake, kidogo kama pombe, kidogo kama mukate, inaingia mpaka mu nguo ya bateja. Mutu alikuwa ananunua kanzu yangu anaenda nayo Kasindi, na bale ba Kasindi banasema: hii imetoka Beni, inanukia kakao. Mvua ya kule ilikuwa ya joto. Ilikuwa inapita, na udongo inatoa moshi, na Koko anatoka kuangalia uzio yake.

Nilikuwa nasimulia ile kwa sauti, nikisema kule kwetu hatukuweka hata basani moja chini.

"Mama, cuisine ilikuwa inatonya," Jemima alisema. "Umesahau? Ulikuwa unapika na mwavuli."

Kweli nilikuwa nimesahau. Nilimukasirikia kutwa, bila sababu ya kusema.

18 mwezi wa tisa

Hakuna kitu. Maharagi, mvua, uniforme.

21 mwezi wa tisa

Asubui wakati tuko tunakunywa chai tulisikia kitu inalia sawa gunia ya makaa inaangushwa. Udongo ya kilima iliteremuka yote ku ukuta ya nyuma. Ukuta haikuanguka, mais sasa tumbo yake imeingia mu chumba ya Koko mpaka kitanda haipate fasi. Tulimutosha Koko, tukamuikalisha karibu na moto. Alikuwa anakohoa. Anakohoa tangu tulifika huku ku baridi. Kule chini ku joto hakuwa anakohoa.

Nilipanda juu ya avenue fasi réseau inapatikana, nikapigia Muzee Syauswa ku Luofu. Ni mara ya kwanza nasikia sauti yake. Sauti ya mutu anasema pole pole, na katikati ya maneno upepo. Nilimuambia yote. Alisema pole, akasema nishikilishe ukuta na vijiti kwanza, maharagi yake haijatoka mu shamba, akimaliza kuvuna atakuja kuona. Maharagi! Nilikata telefone bila kusema kwa heri. Wenye nyumba bote ni bamoja, mapendo yao ni ku siku ya kupokea garantie, feza ya mbele, kiisha ile unakuwa mugonjwa wa mutu mwengine.

22 mwezi wa tisa

Mungu hakulala. Mama Antoinette, mwalimu balimutuma huku kutoka Kananga, anapanga pembeni yetu. Leo alikuwa anakatisha uzio yake ya mutoma, ule muti wenye maziwa nyeupe, na matawi yote imelala mu njia. Nilimuomba. Akasema mu Swahili yake ya kuvunja mifupa: kamata bule, Mama, kwetu Kananga muti ni muti, haiko na kelele. Nilikamata hata kabla amalize.

Koko mwenyewe alitoka. Nilimukataza, hakusikia. Alikamata kila kijiti, akakiangalia ku mwisho huu na ku mwisho ule, akakigeuza, akampa Jemima, Jemima akakipiga na jiwe mpaka kikaingia sana. Mimi nilikuwa nafunga mafito katikati. Tulifanya mustari muzima nyuma ya nyumba, kutoka pembe mpaka pembe, kiisha tukasukuma tumbo ya ukuta na ubao, tukaziba na udongo na majivu. Koko alikuwa na matope mpaka ku viwiko na hakukohoa hata mara moja. Tangu Beni sijamuona vile.

Ukuta imesimama. Haikunyooka, mais imesimama.

30 mwezi wa tisa

Mvua kubwa. Nilienda nyuma kuangalia. Vijiti vimeshika.

6 mwezi wa kumi

Misa. Padri alisema juu ya uvumilivu. Niliangalia kama Jacob commissionnaire iko mu kanisa. Alikuwako, benchi ya mbele, anaimba.

11 mwezi wa kumi

Jemima aliniita nyuma ya nyumba na sauti ya furaha. Vijiti vimeota. Ku kila kijiti kuko macho ya kijani, na kimoja kimeshatoa jani, dogo, inangaa sawa balipakaa mafuta.

Nilifurahi. Naandika ile kwanza, juu ni kweli: nilifurahi sawa mutoto. Kiisha nikakumbuka.

Kwetu sisi Banande mupangaji anaweza kupanda maharagi, anaweza kupanda mboga na viazi, vitu vya kuvuna na kwenda. Muti hapana. Mugomba hapana. Mutu anapanda muti amesema fasi hii ni yake, na mutoma zaidi ya yote, juu mutoma njo tunawekea mupaka. Kila mutoto wa hapa anajua: ukiweka kijiti kibichi mu parcelle ya mutu, unakitosha ganda ao unakigeuza kichwa chini, kisiote. Na mimi nilikuwa nafunga mafito, sikuangalia. Mama Antoinette yeye atajulia wapi? Mais mimi, mutu wa hapa, muke mukubwa, nilipanda mupaka mu parcelle ya mutu na hatujamaliza hata miezi mbili.

Nilikata macho yote na kisu. Maziwa ilitoka. Koko alikuwa amesimama ku mulango ananiangalia, akaingia ndani.

17 mwezi wa kumi

Imeota tena. Fasi nilikata jicho moja kumetoka mbili.

18 mwezi wa kumi

Nilikata tena. Jemima alisema, Mama, acha, unakuwa sawa mutu wa kutafuta chawa.

25 mwezi wa kumi

Koko hakuamuka leo. Infirmière wa centre de santé alikuja, akasikiliza kifua, akasema ni pneumonie inataka kuingia. Alisema mbele ya Jemima: huyu Koko asilowe, asisafiri, abakie fasi moja yenye joto mpaka mvua ipunguke. Akaangalia basani yenye iko chini, akaangalia mimi. Nilisikia haya sawa ni mimi nilitoboa manjanja.

Tulihamisha kitanda yake karibu ya cuisine, kwenye hakutonye. Miti sikuigusa tena. Sikuwa na wakati.

2 mwezi wa kumi na moja

Siku ya marehemu bote.

Kwetu ile siku ilikuwa ya majembe. Kila familia inaamuka inaenda kulima juu ya kaburi ya bafu bao, inatosha majani, inaweka maua ya njano kutoka pembeni ya njia, na kelele ni mingi kuliko ku soko, juu watu banapita kuangalia kaburi ya nani iko safi. Henri tulimuzika nyuma ya nyumba, karibu na uzio ya mutoma ya Koko, chini ya kivuli. Mwaka jana nililima, Jemima akaleta maua, Koko akaleta kiti, akaikala pale mpaka mangaribi anamusimulia Henri habari ya kakao. Nilimucheka. Nilisema: Koko, anasikia bei? Akajibu kama anataka kulala hataamuka kwa bei.

Mwaka huu nani atalima juu yake? Majani imeshapanda. Nililia ku kanisa mpaka Jemima alinipa kitambaa yake ya masomo.

Wakati tulirudi, kitanda ya Koko ilikuwa tupu. Tulimukuta nyuma ya nyumba, amefunga bulanketi ku mabega, yuko chini ku magoti, anatosha majani chini ya ile miti ya mutoma, moja moja, na mukono. Aliweka maua ya njano chini yake. Sijui maua aliitosha wapi. Sikuweza kumusimamisha. Niliikala pembeni yake nikatosha majani pia, na Jemima akaikala. Sisi batatu mu matope.

Njo vile Muyisa alitukuta.

4 mwezi wa kumi na moja

Muyisa alirudi leo na chef d'avenue, kiongozi wa mutaa yetu. Chef ni mutu mupole, alikuwa anaangalia chini. Muyisa yeye hakuwa na mikono mu mifuko.

"Mupangaji hapande mutoma," alisema. "Mama Jemima, ile unaijua kuliko mimi."

Nilimuambia sikupanda, nilishikilisha ukuta yenye mujomba wake alituachia ianguke. Akasema vijiti vya kushikilisha havilimiwe, havipewe maua. Akasema mutoto wangu kesho ataulizwa nani alipanda ile mupaka, atajibu ni mama yangu, na mbele ya tribunal ile inatosha. Nilitaka kumutukana. Kiisha akasema baba yake alipoteza shamba kwa mutu yenye yeye mwenyewe alimupa fasi ya kulala, ule mutu akapanda eucalyptus, na leo yule mutu njo mwenye shamba na baba yake anamulimia. Alisema ile pole pole, na jicho yake ilikuwa nyekundu.

Alisema tutoke kabla mwezi huu uishe. Ao tungoe miti yote.

Nilimuonyesha Koko ku kitanda. Nilimuambia yenye infirmière alisema. Akasema anasikia huruma, mais parcelle si yake, ni ya mujomba, na yeye njo ataulizwa.

Mutu atapata nyumba wapi mu Butembo sasa? Kila chumba imejaa batu sawa sisi. Na kumubeba Koko mu mvua juu ya pikipiki ni kumuua na mikono yangu.

10 mwezi wa kumi na moja

Nilijaribu kungoa. Nilianza na kijiti cha pembe. Kilikataa, kimeshaweka mizizi, nilikikamata na mikono mbili na mugongo yote. Kilitoka, na udongo ikatoka nacho, basani nzima, ikateremuka, na ndani ya nyumba ukuta ikalia. Koko aliita jina yangu kutoka ku kitanda. Aliniita Kavuo, sawa ananiita wakati amekasirika, si Mama Jemima.

Nilirudisha kijiti mu tundu yake nikafinya na muguu.

Kama nangoa miti, ukuta inatuangukia. Kama naacha miti, tunatoka. Tangu leo nimeelewa nyumba yote.

13 mwezi wa kumi na moja

Nilitembea Mususa yote kutafuta chumba. Hakuna.

15 mwezi wa kumi na moja

Nilimupigia Muzee Syauswa. Telefone haipite. Nilijisemea anakimbia mimi, sawa Jacob.

24 mwezi wa kumi na moja

Nyuma ya Misa tulikuwa tunapika. Mutu alipiga odi ku mulango ya mbele, pole pole, mara nyingi, namuna ya mugeni mwenye haya. Nilifungua. Muzee mwembamba, amevaa koti ya mvua ya plastique, matelas, godoro ndogo, ku kichwa, gunia ku mukono, na viatu yake haikuwa viatu tena, ilikuwa matope.

Alisema anaitwa Syauswa. Alisema vita ilikaribia Luofu, batu bote balitoka. Alitembea, akapanda camion, akatembea tena. Batoto yake balibakia Lubero kwa bakwe. Kiisha akaomba, kama tunaitika, aingie.

Mutu alipiga odi ku nyumba yake mwenyewe, na akaomba.

Tangu mwezi wa nane nilikuwa nimepanga maneno ya huyu mutu. Nilikuwa naiongeza kila mvua. Kulikuwa ya ufa, ya choo, ya maharagi. Nilitafuta hata moja, sikupata. Nilimupokea matelas. Koko alisema kutoka ku kitanda, mu Kinande, aletewe maji ya moto ya miguu.

Alikula pole pole. Niliuliza maharagi. Akasema ilikuwa imekauka vizuri, ilibakia kuipiga tu.

25 mwezi wa kumi na moja

Muzee alilala mu chumba ya mbele. Asubui aliamuka amelowa bega moja. Alisimama katikati ya nyumba, akaangalia manjanja muda mrefu, akaangalia basani, akaangalia kopo. Alienda kutafuta goudron, lami ya kuziba matundu, akapanda juu ya nyumba kutwa nzima, na miaka yake ile. Mimi chini nilikuwa namushikia ngazi na namuonyesha: pale, hapana, kushoto, pale.

Wakati alishuka alinisimulia nyumba. Aliijenga na bibi yake, mama ya batoto yake, ili batoto basome Butembo. Bibi alikuwa anakanyaga udongo na miguu, anaimba, yeye anapanga miti. Alisema ilikuwa nyumba ya mwisho ku hii njia, kulikuwa ndege mingi. Bibi alipokufa hakutaka tena kulala ndani. Alikuwa anatuma Muyisa apakae nyeupe tu.

Nilimusikiliza sawa ninajisikiliza mwenyewe niko nasimulia matofali ya Henri.

27 mwezi wa kumi na moja

Hakutonye. Mvua ilipiga, na chini kukavu. Koko alikula bugali.

29 mwezi wa kumi na moja

Muyisa alikuja kumukumbusha mujomba siku. Na sasa, alimuambia, Mujomba, uko na haki mara mbili, juu wewe mwenyewe uko bila fasi ya kulala. Muzee aliitika, akasema ataangalia ile miti siku ya Mungu mbele ya chef. Hakuniangalia. Nilishona kanzu mukono mubaya, nikafungua, nikashona tena.

Kama anasema tutoke, siwezi hata kumukasirikia. Ni nyumba yake, na yeye ni sawa mimi. Nilifunga sufuria mu kitambaa, nikafungua juu tulikuwa tunaihitaji kupika.

1 mwezi wa kumi na mbili

Ni siku ya Mungu ya kwanza ya Majilio. Mawingu ilikuwa imeshuka mpaka ku migomba. Tulisimama nyuma ya nyumba: Muzee, Muyisa, chef d'avenue, Mama Antoinette alikuja na watoto yake juu alisikia ni vijiti vyake, Jemima, mimi. Koko tulimuletea kiti na bulanketi. Miti imeshafika ku bega yangu na majani iko mingi.

Muzee alipita mbele ya kila muti, akaushika, akautikisa. Hakuna ulitikisika. Aliuliza nani aliweka. Nilifungua kinywa. Koko akasema ni yeye.

"Uliweka kichwa juu," Muzee alisema. "Ulijua itaota."

"Nilijua. Kijiti kilichokufa kinaoza mu mvua moja, na ukuta yako inaanguka." Koko alivuta pumzi, tukangojea. "Na nilichoka, Muzee. Nilichoka kuamuka kila siku fasi hakuna kitu inaota ya mukono yangu."

Mimi nilikuwa najua mambo ya ukuta. Ile ingine sikuijua, na ninalala chumba moja naye tangu mwezi wa nane. Muyisa alianza kusema, mujomba, umesikia, amekubali mwenyewe. Muzee alimunyamazisha na mukono.

Kiisha alivua koti. Alikamata kijiti cha kwanza na mikono mbili, akakingoa na mizizi yake nyeupe, akakipandisha juu ili chef aone, na ile saa ile, kabla udongo iteremuke, akakirudisha mu tundu ile ile na akafinya na kisigino.

"Chef, nani alipanda huu muti?"

"Wewe, Muzee."

"Muyisa?"

Muyisa aliangalia mujomba wake, mu matope mpaka ku magoti, na sura yake ikaanza kulegea, sijui namuna ya kusema, ikawa sura ya mutoto. Akasema: ni wewe, Mujomba. Na akashuka naye. Mujomba anangoa, Muyisa anashika udongo na ubao isikimbie, mujomba anapanda. Vile vile mpaka pembe. Mama Antoinette alikuwa anasukuma kiwiko yangu ananiuliza sasa mutu anapanda kitu yenye imeshapandwa ni namuna gani, nami nilikuwa nalia, sikuweza kumueleza. Tunabakia. Miti ni yake, ukuta ni yake, na sisi tunabakia.

Ku cha mwisho Muzee alikingoa na hakukirudisha. Alikitikisa udongo, akanipa.

"Hiki hapana," alisema. "Hiki ni cha Koko. Mutaenda nacho kwenu, mutakipanda kule."

"Wasingya," nilimushukuru mu Kinande, na nikakishika. Kilikuwa chepesi. Mizizi yake ilikuwa sawa nyuzi yangu ya kushona. Niliangalia kwetu ni upande gani, mawingu ilikuwa imefunika. Ni mimi nilisema ile neno kwa kila mutu, ku kanisa, ku infirmière, ku bateja, ku Jemima akilia: mvua hii moja tu. Mvua inaisha. Hakuna mutu ametuambia turudie. Mutoma bila udongo haimalize siku mbili.

Nilimurudishia.

"Ukipande tu, Muzee," nilisema. "Hatuko tunaenda sasa."

Nilisikia sauti yangu. Sikutaka kumuangalia Koko. Niliogopa ataamuka ku kiti ataingia ndani, sawa ile siku ya kisu. Nilimuangalia. Alikuwa anaangalia ile tundu, maji imeanza kuingia ndani yake.

"Muambie afinye udongo muzuri," alisema.

Muzee alifinya.